Waterloo Bridge, Baby Face au Back Street: uanze na ipi?

Anayetaka kuzijua melodrama za Hollywood, yaani filamu za mapenzi na majonzi, za mwanzoni mwa miaka ya 1930, zile zilizotoka kabla udhibiti haujakazwa, kwa kawaida hupewa orodha ndefu ya majina na kuachwa ajichagulie. Naye huchagua kwa kashfa: ipi ilikataliwa na wakaguzi, ipi ina mwanamke aliyevaa gauni la kulalia, ipi ilizua zogo. Dakika ya 20 anaizima, maana kashfa aliyoahidiwa haioni. Mlango umefungwa, taa imezimwa, asubuhi imefika, basi.

Kipimo cha kashfa hakifai. Kinachofaa ni kuuliza: katika hadithi hii, deni analilipa nani? Mwanamke ameteleza au amesukumwa, mwanamume ameonja akaondoka, kuna mtoto, kuna mke wa ndoa, kuna kodi ya chumba. Mwishoni lazima mtu alipe. Kuanzia Julai 1934 jibu lilikuwa moja kwa filamu zote, nalo lilitoka ofisini: alipe aliyetenda dhambi, na watazamaji wamwone akilipa. Kabla ya hapo kila filamu ilijipigia hesabu yake, na hapo ndipo ilipo raha ya kuziweka bega kwa bega.

Hapa tunalinganisha tatu kwa undani, kisha tunagusa nyingine chache ambazo huenda zikakufaa zaidi.

Udhibiti ulikuwepo, meno hayakuwepo

Kanuni ya Utayarishaji, ambayo wengi huiita Kanuni ya Hays kwa jina la Will Hays aliyeongoza chama cha studio kubwa, ilipitishwa 31 Machi 1930. Kwa hiyo ukisikia filamu hizi zikiitwa za "kabla ya Kanuni", jina hilo limepinda kidogo. Kanuni ilikuwepo kwenye karatasi. Studio ilipokataa ushauri wa wakaguzi, rufaa ilikwenda kwa jopo la watayarishaji wa studio nyingine, ambao kesho yake nao wangeweza kuwa na kesi palepale. Nani angemkaba mwenzake?

Mwaka 1934 mambo yaligeuka. Viongozi wa Kanisa Katoliki waliwataka waumini wasusie filamu chafu, studio zikaogopa hasara, na ofisi mpya chini ya Joseph Breen ikaanza kutoa cheti chenye namba kwa kila filamu. Kutoa filamu bila cheti kulimaanisha faini ya dola 25,000. Utaratibu huo uliendelea hadi 1968.

Lakini hata katika ile miaka minne ya ulegevu, mkasi ulikuwa unafanya kazi kwingine. Majimbo kama New York, Pennsylvania na Ohio yalikuwa na bodi zao za ukaguzi, na kila bodi ilikata nakala zilizoonyeshwa jimboni mwake. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1915 kwamba sinema ni biashara tu na haina kinga ya uhuru wa kusema, kwa hiyo studio hazikuwa na pa kukimbilia. Hili ni muhimu kwako wewe unayechagua leo, maana filamu moja inaweza kuwa na nakala mbili zenye maana mbili tofauti.

Waterloo Bridge (1931): kwa anayetaka kulia kwa haki

Studio ya Universal, imeongozwa na James Whale, dakika 81. Myra ni Mmarekani, msichana wa kundi la wachezaji jukwaani, amekwama London wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Onyesho limefungwa, kazi haipatikani, naye amekuwa akijiuza kwa wanajeshi walio likizo, akiwasubiri darajani. Usiku mmoja ving'ora vya shambulio la ndege vinalia, na yeye na kijana mmoja askari wanajikuta wakimsaidia bibi mzee kuokota viazi vyake vilivyomwagika. Roy ana miaka 19. Hajui chochote kuhusu Myra, wala hashuku.

Mae Clarke anayeigiza Myra ndiye sababu ya kuanza na filamu hii. Roy anapogundua kwamba mwenye nyumba anadai kodi, anataka kuilipa yeye. Tazama uso wa Myra pale. Kwa kazi yake, mwanamume kutoa pesa chumbani ni jambo la kila siku. Huyu peke yake ndiye anayetoa bila kutaka kitu, na ndiye peke yake anayemkasirisha. Mae Clarke anapanda kutoka shukrani hadi ghadhabu katika sentensi chache, sauti inapasuka, kisha anabaki amechoka kama mtu aliyetoka kubeba mzigo. Uigizaji wa miaka ile mara nyingi ulikuwa wa jukwaani, wa kutamka kila silabi ili mtu wa viti vya nyuma asikie. Huyu anaongea kama mtu aliye chumbani.

Weka kando yake toleo la studio ya MGM la 1940, lililoongozwa na Mervyn LeRoy, dakika 108, na Vivien Leigh. Hilo ndilo linalojulikana zaidi, na ni zuri kwa namna yake: mishumaa, wimbo wa kuagana, nyuso zinazong'aa. Ila angalia hesabu ilivyobadilishwa. Katika 1940 Myra ni mcheza baleti aliye safi. Anaingia barabarani baada tu ya kusoma gazetini kwamba mchumba wake amekufa vitani. Yaani amepewa udhuru. Katika 1931 hana udhuru huo, ana njaa tu na kodi, na filamu inaona hiyo inatosha. Roy naye, aliyekuwa askari wa kawaida, amepandishwa cheo kuwa kapteni.

Mwisho ndio unaosema yote. Mwaka 1940 Myra anatembea kwa miguu yake mwenyewe kuyaendea malori ya jeshi: amejihukumu, na filamu inakubali hukumu. Mwaka 1931 anauawa darajani na bomu kutoka angani, muda mfupi baada ya kuahidi kuolewa. Bomu halikuuliza alikuwa nani. Wapo wanaoona mwisho huo ni wa kushtukiza mno, umewekwa ili hadithi iishe. Tunaona kinyume chake: ni filamu iliyokataa kusema kwamba alistahili.

Angalia pia mama yake Roy. Myra anamkiri ukweli usiku, nyumbani kwao mashambani. Mama hamfokei. Anamhurumia kwa dhati, anamshika, na bado hataki awe mkwe wake. Melodrama nyingi zingemfanya mama huyu kuwa nyoka ili tumchukie tupumue. Hapa hakuna wa kumchukia, na hilo ndilo linalouma.

Baada ya 1934 filamu hii haikuweza kupata kibali cha kurudishwa kumbini, na MGM iliponunua haki za hadithi, ya kwanza ikakaa kabatini kwa miaka mingi. DVD ya 2006, iliyoiweka pamoja na Baby Face na Red-Headed Woman, ndiyo iliyowarudishia watazamaji wengi.

Baby Face (1933): kwa anayependa mwanamke asiyeomba radhi

Warner Bros., imeongozwa na Alfred E. Green. Barbara Stanwyck ni Lily Powers, binti wa mwenye baa ya magendo huko Erie, Pennsylvania, enzi pombe imepigwa marufuku. Baba anamuuza kwa wateja tangu akiwa mdogo. Mtambo wa pombe unalipuka, baba anakufa, na Lily anapanda treni ya mizigo kwenda New York pamoja na Chico, msichana mweusi anayefanya kazi naye. Anaingia benki moja kubwa kupitia ofisi ya kuajiri na kuanza kupanda. Kwa lugha ya mjini leo tungesema anadanga, ila Lily anadanga kwa mpango, idara moja hadi nyingine.

Kupanda kwenyewe kumeonyeshwa kwa kamera tu. Ipo nje ya jengo refu, inapanda ukutani dirisha hadi dirisha, huku wimbo wa St. Louis Blues ukicheza. Kila anapohama ghorofa, kuna mwanamume mwingine nyuma yake aliyeachwa. John Wayne ni mmoja wa hao, yumo kwa muda mfupi, karani wa ghorofa za chini. Hakuna kitanda kinachoonekana. Ghorofa zinatosha.

Hapa ndipo suala la nakala linapokuwa la kufa na kupona. Mwaka 1933 bodi ya ukaguzi ya jimbo la New York iliikataa filamu, na studio ikairekebisha ili ipite. Nakala iliyorekebishwa ina dakika 71, na kwa miaka 70 hiyo ndiyo iliyokuwa ikionekana. Mwaka 2004, katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani huko Dayton, Ohio, mhifadhi aligundua kwamba negativu moja, yaani ukanda unaochapiwa nakala, ilikuwa ndefu kuliko nyenzake. Ilikuwa ile ya kwanza kabla ya mkasi, dakika 76.

Dakika tano ni chache, lakini zimebeba filamu nzima. Fundi viatu mzee aliye rafiki wa Lily, msomaji wa mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche, anamwambia katika nakala ya kwanza kwamba ana nguvu juu ya wanaume na azitumie: wao wasimtumie yeye, yeye awatumie wao. Katika nakala iliyorekebishwa mzee yuleyule, kwa midomo ambayo huioni vizuri, anamwambia kuna njia njema na njia mbaya, achague iliyo njema. Yaani Lily wa nakala fupi anajua anafanya vibaya na anafanya tu. Lily wa nakala ndefu amepewa falsafa na anaifuata. Ni watu wawili.

Kipande cha behewa la mizigo nacho kiliondolewa. Lily na Chico wanakutwa na mfanyakazi wa reli aliye tayari kuwashusha, na Lily anamlipa nauli kwa mwili, wazi kabisa, huku Chico akiwa kando akiimba. Ukikata hapo, hujui Lily alianza lini kuutumia ushauri wa fundi.

Mwisho pia ni wa aina mbili. Mumewe, mkuu wa benki, anahitaji pesa zake zote kujitetea baada ya benki kuanguka. Lily anamkatalia, anabadili mawazo akiwa tayari ameondoka, anarudi na kumkuta amejipiga risasi. Nakala ndefu inaishia kwenye gari la wagonjwa: mkoba unafunguka sakafuni, pesa na vito vinatawanyika, na Lily hainami kuviokota. Nakala fupi inaongeza kikao cha wakurugenzi wa benki wakielezana kwamba wawili hao wamekwenda kuishi maisha ya kibarua katika mji wa viwanda, bila zile pesa. Bodi ilitaka mbio za sakafuni ziishie ukingoni, na watu waambiwe kwa maneno.

Kwa hiyo ukiipata Baby Face, kabla ya kukaa nenda moja kwa moja dakika ya mwisho. Ukiona wanaume mezani wakitoa taarifa, ifunge, tafuta nyingine.

Ukiilinganisha na Waterloo Bridge, hii ni kavu. Hailizi. Wanaolipa deni ni wanaume: mmoja anampiga risasi baba wa mchumba wake kisha anajiua, mwingine anabaki mlangoni akiomba. Kama unapenda filamu ianze kwa kasi na isipunguze, anza na hii.

Neno kuhusu Chico, anayeigizwa na Theresa Harris. Wakati ambapo waigizaji weusi Hollywood walipewa kufungua mlango na kuchekesha, hapa yupo tangu Erie hadi mwisho, na mwanamume anapotaka afukuzwe, Lily anasema Chico anabaki. Hata hivyo Lily anapovaa manyoya, Chico anavaa aproni ya mtumishi. Urafiki upo na mpaka upo. Anayetaka kuona waigizaji weusi wakipewa heshima zaidi kidogo atafute Safe in Hell ya 1931, ya William Wellman, ambamo Nina Mae McKinney na Clarence Muse wanafanya kazi katika hoteli kisiwani na wanaongea kama watu, bila ile lafudhi ya kuchekesha waliyolazimishwa kwingine.

Back Street (1932): kwa mwenye subira

Universal tena, imeongozwa na John M. Stahl, dakika 93, kutoka riwaya ya Fannie Hurst. Irene Dunne ni Ray, msichana mchangamfu wa Cincinnati. Anapendana na Walter, anayeigizwa na John Boles, na Walter anamwomba aje bustanini kwenye jukwaa la bendi akutane na mama yake. Dharura ya mdogo wake inamchelewesha. Anafika bendi imemaliza. Miaka inapita, wanakutana New York, Walter ana mke na watoto, na Ray anakuwa nyumba ndogo yake kwa maisha yote.

Hakuna neno linaloielezea filamu hii kuliko hilo letu, nyumba ndogo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Anayajua yote: chumba kinacholipiwa na mwingine, sikukuu za peke yako, simu isiyolia. Stahl anapiga haya kwa utulivu ambao mwanzoni unaweza kukukera. Kamera inasimama mbali kidogo, inaonyesha mwili mzima na chumba, na haikati. Picha za uso kwa karibu ni chache, muziki ni mdogo mno. Anamwacha Irene Dunne asubiri, nasi tunasubiri naye kwa muda uleule.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, pesa. Walter hana ubaya wa makusudi, ila anasahau. Anasafiri na familia yake na kusahau kumwachia Ray matumizi, na Ray anaona aibu kuomba. Ukatili wote wa mapenzi hayo umo katika kusahau huko. Pili, mwanamume mwema anayemtaka Ray kwa ndoa. Katika melodrama ya baadaye angekuwa ndiye wokovu ulioachwa kwa ujinga. Stahl hasemi hivyo. Anatuonyesha Ray akichagua, na anatuachia sisi tubishane.

Deni hapa linalipwa na Ray peke yake, tena taratibu, kwa miaka. Ndiyo maana ofisi ya Breen isingeipenda. Adhabu imo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia Ray kwamba amekosea akakubali. Hadithi ilirudiwa 1941 na 1961, yote mawili matoleo yenye nguo nzuri zaidi. La 1932 ndilo lenye baridi ya chumba.

Ubaya wake ni upatikanaji: ni ngumu kuipata kuliko zile mbili, na nakala zinazozunguka mtandaoni nyingi ni hafifu. Usianze nayo kama hujazoea mwendo wa zama hizo. Ukianza nayo utasema filamu hizi zinachosha, nawe utakuwa umeikosa iliyo bora kuliko zote tatu. Ndiyo, bora kuliko zote. Waterloo Bridge inagusa haraka zaidi, ila Back Street haikutoki.

Kama hizo tatu hazikufai

Huna muda? Three on a Match ya 1932, ya Mervyn LeRoy, ni dakika 63. Marafiki watatu wa shule. Mmoja, Ann Dvorak, ana mume tajiri, mtoto na kila kitu, anachoka, anaondoka. Anaangukia dawa za kulevya, kisha wahuni wanamteka mwanawe. Mchuma janga hula na wakwao: hapa deni linataka kuchukuliwa kwa mtoto, na mama analinunua upya kwa mwili wake. Anaandika kwa rangi ya mdomo kwenye gauni lake la kulalia mahali mtoto alipofichwa, kisha anajirusha dirishani ili polisi walisome. Bette Davis na Humphrey Bogart wamo katika nafasi ndogo. Kasi yake ni ya gazeti la jioni, na wengine huiona imejaa kupita kiasi. Ni kweli imejaa.

The Story of Temple Drake ya 1933, kutoka riwaya ya William Faulkner, ina Miriam Hopkins kama binti wa ukoo wa majaji wa Kusini mwa Marekani anayebakwa na jambazi na baadaye kulazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kusema mahakamani. Kitendo chenyewe hakionyeshwi, kuna giza na ukelele, lakini filamu ni nzito. Usimwekee mtu bila kumwambia kwanza.

Anayetaka ndoa badala ya msiba atazame Merrily We Go to Hell ya 1932, ya Dorothy Arzner, mwanamke pekee aliyekuwa akiongoza filamu za studio Hollywood wakati huo. Mume mlevi ana hawara, na mke anaamua kwamba kama ndoa ni ya kisasa, basi iwe ya kisasa kwa wote wawili.

Zisizo na gharama

Rain (1932), A Farewell to Arms (1932) na Of Human Bondage (1934) hakimiliki zake hazikuhuishwa Marekani, kwa hiyo ziko huru huko na zimejaa mtandaoni. Na kwa sheria ya huko, hakimiliki ya filamu za zama hizo huisha baada ya miaka 95, kwa hiyo kuanzia 1 Januari 2026 filamu za 1930 nazo zimekuwa huru, ikiwemo The Divorcee iliyompa Norma Shearer tuzo ya Oscar.

Kati ya hizo, chagua Rain. Joan Crawford ni Sadie Thompson, kahaba aliyekwama Pago Pago, visiwani Samoa, pamoja na mmisionari Davidson, anayeigizwa na Walter Huston, aliyeapa kumwokoa. Sadie anaingia kwa vipande: mkono wenye bangili unashika fremu ya mlango, mkono wa pili, mguu mmoja, mguu wa pili, ndipo uso na sigara mdomoni. Mtu aliyekulia mahali ambapo misheni ilijenga shule na hospitali atamtambua Davidson upesi, na atajua pia kwamba watu wa aina yake si wote walio hivyo. Deni la hadithi hii linamrudia mwokozi mwenyewe.

A Farewell to Arms ni laini zaidi. Ina kipande ambacho Gary Cooper, akiwa majeruhi, anasukumwa hospitalini kwenye kitanda cha magurudumu na sisi tunaona dari tu kwa macho yake, hadi uso wa Helen Hayes unapotushukia na kuijaza skrini.

Tatizo la filamu za bure ni kwamba nyingi zimenakiliwa kutoka matoleo yaliyorudishwa kumbini baadaye. Studio zilipotaka kuzionyesha tena miaka ya mwisho ya 1930 zililazimika kupitia ofisi ya Breen, ikakata, na mara nyingine ilikatwa negativu yenyewe. Rain kamili ni karibu dakika 94 na A Farewell to Arms karibu 89. Ukikuta pungufu kwa dakika 10 au zaidi, umeshika iliyokatwa. Ishara nyingine ipo mwanzoni kabisa: filamu ya 1931 au 1932 ikifunguka kwa cheti chenye namba, imepita kwenye ofisi ambayo ilipotengenezwa haikuwepo.

Dakika, umbo na sauti

Usihukumu dakika bila kujua chombo. DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio wa Ulaya na wa Afrika Mashariki pia, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu hufupika kwa asilimia 4. Baby Face ya dakika 76 itasomeka 73 na bado ni kamili. Ya 71 itasomeka 68.

Umbo la picha ni karibu mraba, 4 kwa 3. Televisheni za sasa hupenda kuivuta ijaze skrini, nyuso zikawa kama maandazi. Nenda kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3 au umbo la asili, uache weusi pembeni. Baadhi ya filamu za 1929 hadi 1931 ni nyembamba zaidi, maana ukanda wa sauti ulikula sehemu ya picha. Ukiona vichwa vimekatwa juu kila mara, ujue aliyenakili alilazimisha umbo lisilo lake.

Manukuu yanayotengenezwa na mashine hukosea sana kwa sauti hizi, hasa majina na misemo ya mitaani. Tafuta faili la manukuu lililoandikwa na mtu, na hakikisha limelingana na urefu wa nakala yako, la sivyo maneno yatachelewa kuanzia pale palipokatwa.

Sauti ndiyo inayowashinda wengi, hasa waliolelewa na filamu za Kihindi au tamthilia za televisheni, ambako muziki hukuambia mapema kwamba sasa ni wakati wa kulia. Muziki wa nyuma ulikuwa haba Hollywood hadi takriban 1933. Kuna mvumo wa ukanda, kuna maneno, kisha kimya. Wengi hudhani spika zimeharibika, wanaongeza sauti, na neno linalofuata linawapasua masikio. Tumia vipokea sauti vya masikioni, weka sauti wakati mtu anaongea, usiiguse tena. Ukifika pale Paris katika Back Street, Walter amelala hawezi kuongea, mwanawe anampigia Ray simu na kumwekea sikioni, na sauti ya Ray inaita kutoka ndani ya kile chombo kidogo bila kujibiwa, hakuna kilichopotea kwenye nakala yako. Ndivyo ilivyotengenezwa.